Pikipiki Ndani ya Gari la Baba

Jumapili, 25 Mei

Wamegombana. Mume wangu na rafiki yake mwenye pikapu. Miaka sita wanabebana na pikipiki zao kwenda kwenye mashindano, leo wameachana kama watoto waliogombea mpira. Kisa eti nani alimziba nani kwenye kona. Watu wazima hao! Mmoja ana mvi.

Amerudi anaisukuma pikipiki kwa mkono kutoka barabara kuu, jasho linamtiririka. Kala. Kanawa. Halafu — "Bibie, tarehe kumi na nne nitatumia gari yako."

Akiniita bibie najua kuna jambo. Na hilo "yako"! Siku zote mbele za watu ni gari letu. Likipata pancha ndiyo huwa langu. Leo limekuwa langu bila pancha.

Mama mkwe, anayeishi nasi tangu miguu ianze kumsumbua, aliuliza swali nililolimeza mimi: pikipiki inaingiaje kwenye gari la kupanda watu? Akajibiwa kwamba kila kitu kina ufundi wake.

Gari lenyewe dogo, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Baba ndiye aliyeniachia. Aliliosha kila Ijumaa mpaka wiki aliyokufa.

Jumatano, 28 Mei

Nimeitwa! Kozi ya nesi wa usingizi! Nimeomba mara tatu. Miaka kumi na mbili niko wodi ya wazazi, nasukuma vitanda hadi mlango wa chumba cha upasuaji, na hapo mlangoni naambiwa asante sista, rudi. Sasa nitaingia. Nitakaa kichwani pa mgonjwa, nimlaze, nimwamshe.

Usaili ni Jumamosi tarehe 14 Juni, saa tano asubuhi, chuoni mjini.

Nilisoma tarehe mara mbili. Ndiyo, ile ile.

Nilimwambia akiwa amechutama anapaka mnyororo mafuta. "Hongera," akasema. Kwa dhati, simsingizii. Halafu akauliza saa ngapi. Halafu akasema si watanipangia siku nyingine, kwani wao si watu? Mashindano hayasogezwi.

Usaili unasogezwa. Mashindano hayasogezwi. Nimeandika ili niyaone vizuri.

Jumamosi, 31 Mei

Nimetoka zamu, miguu imevimba. Kuingia getini — bampa la nyuma liko kwenye majani, na fundi wa kuchomelea amelala chali chini ya gari la baba. Cheche zinaruka. Matundu manne. Anafunga chuma cha kubebea pikipiki kwa nje.

Sikuambiwa. Fundi aliponiona alizima mashine, akainuka, akavua miwani yake. "Shemeji, nilijua umeshirikishwa." Yeye ndiye aliyeona aibu. Mume wangu alikuwa anapima kwa futi huku anapiga mluzi.

Nikaingia kulala. Sikulala.

Jumatatu, 2 Juni

Yeye na fundi wameijaribu pikipiki juu ya chuma. Kilo mia moja na ushee zimening'inia kwa ubavu nyuma ya kigari! Gari limekaa kitako kama mbwa, pua juu. Ekzosi inakwaruza lami. Mwenyewe anakiri usukani umekuwa mwepesi kama wa toroli tupu, matairi ya mbele hayakanyagi. Na bado akaenda nalo mpaka barabara kuu!

Trafiki akamsimamisha. Taa za nyuma hazionekani, namba haionekani. Unajua alijiteteaje? "Gari ni la mke wangu, afande." Basi karatasi ya kosa imeandikwa jina langu. Na leseni yake imezuiwa mwezi mzima.

Karatasi ameniletea mezani, ameiweka kando ya kikombe changu cha chai. Kama zawadi.

Kwa hiyo dereva wa tarehe kumi na nne ni nani? Hakuuliza. Alisema tu, "Itabidi tuamke mapema."

Alhamisi, 5 Juni

Chuma kimeng'olewa. Matundu yamebaki.

Jumapili, 8 Juni

Mpango mpya: itapanda ndani.

Amefungua kiti cha abiria cha mbele na kiti chote cha nyuma. Viti vya baba vimepangwa barazani vinatazama barabara, na mama mkwe ameshakikalia kimoja, anasema kinashinda sofa. Kimebaki kiti cha dereva tu, na pango. Ndani ya pango katandika blanketi la kitandani kwetu. Kwa nini hilo? "Lile lingine jipya," akasema.

Kwa nini asikodi gari? Nimeuliza. Kwa sababu kule uwanjani wataona amekodi. Ana jina kule. Wanamwita Risasi. Hawajui kwamba Risasi akishindwa hujifungia bafuni mpaka maji ya tangi yaishe. Mwaka jana alikuwa wa saba. Walikimbia kumi na mmoja.

Jumatano, 11 Juni

Leo kliniki ya mama mkwe. Viti havirudishiki, kasema mwanawe, bolti mbili zimekatika. Basi nikamkalisha mama wa watu kwenye stuli ya jikoni, katikati ya pango, kashikilia mkanda uliobaki ukutani. Kila kona stuli inahama naye. Wakati wa kwenda alicheka njia nzima, akaniambia niendeshe kwa adabu, nimebeba mzigo wa kuvunjika. Wakati wa kurudi hakucheka. Tulipokaribia nyumbani akasema, "Mimi simlaumu. Nimemlea mwenyewe."

Mbele kidogo: "Huo usaili wako ni saa ngapi, mwanangu?"

Saa tano, mama.

"Basi."

Na mchana kazini, mzazi mmoja, uchungu umemshika kabisa, akanisukuma kwa kiganja. Sista, sogea, unanuka petroli. Kumbe kuna galoni la akiba chini ya kiti changu! Nimefua sare mara mbili. Bado inanuka.

Ijumaa, 13 Juni

Tumekubaliana, mbele ya mama yake: tunaondoka alfajiri, namshusha uwanjani, nageuza hapo hapo. Kutoka uwanjani hadi chuoni ni saa moja na nusu. Kurudi nyumbani atajua mwenyewe. Akaitikia.

Jioni nimekuta blauzi yangu nyeupe imepigwa pasi, imetundikwa mlangoni. Yeye kaipiga. Viatu vyangu vyeusi kavisugua kwa ile brashi yake ya helmeti, ambayo hata mimi siruhusiwi kuigusa. Sijui mtu afanye nini na wema wa namna hiyo, unaokuja siku ya mwisho.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Kuna mwenye timu anakuja kutazama, akasema. Yeye mwenyewe akiwemo kwenye watano wa kwanza, huenda akachukuliwa. Ana miaka arobaini na moja. "Baada ya hapa hakuna anayeniita tena," akasema, anatazama mikono yake.

Nilimpenda hapo kwa dakika moja hivi. Inaniudhi kuandika hilo.

Jumamosi, 14 Juni

Kituo cha mafuta, njiani. Daftari liko juu ya usukani.

Kwa mpangilio.

Alfajiri pikipiki haikuenea. Vipimo vyote vile vya futi! Mlango wa nyuma ulibaki wazi upana wa kiganja, ukakataa. Akatukana, akachukua spana, akafungua gurudumu la mbele. Hapo ikaenea. Gurudumu akalisukumiza nyuma ya kiti changu, akalifunika kwa pembe ya blanketi. Juu yake nikaweka koti langu na bahasha ya vyeti. Yeye alijikunja ubavuni mwa pikipiki, kaikumbatia. Kila nikikanyaga breki vyuma vya mbele vinanisogelea begani. Njia nzima neno lake lilikuwa moja: "Taratibu kwenye matuta."

Uwanjani tulifika saa mbili kasorobo. Vumbi! Makelele! Pikapu na matrela yamejipanga mstari mrefu, na ya rafiki yake aliyegombana naye imo, hatua ishirini tu, na sisi katikati na kigari chetu. Mtu mmoja akapiga picha. Mume wangu aliruka nje sijazima injini. Wawili wakaja kumsaidia, wakaivuta pikipiki kwa nyuma, wakaikalisha juu ya kreti. Risasi! Risasi! Kifua kikamjaa.

Akaja mwenye timu. Mtu mpole, kofia mkononi. Alinitazama mimi kwanza, akauliza, "Na huyu ndiye shemeji?" Nikaanza kutabasamu.

"Aa," mume wangu akasema. "Huyu dereva wangu."

Hakusema kwa ubaya. Hakunitazama hata. Alitaka tu aonekane mtu mwenye dereva, asionekane mtu aliyeletwa na mkewe kwenye gari la mkewe. Nilimwelewa palepale. Ndiyo kinachouma. Laiti nisingemwelewa!

Mwenye timu akaniomba, kwa adabu zote, nisiegeshe pale, ni njia ya ambulensi.

Nikafunga mlango wa nyuma. Nikaondoka, ilikuwa saa mbili na dakika ishirini. Sikuaga. Kwenye kioo nilimwona kanipa mgongo, anamweleza yule bwana kona kwa mikono miwili.

Saa tatu nikasimama hapa kuweka mafuta na kuvaa viatu vyangu vizuri. Nikavuta koti. Blanketi likaja nalo.

Gurudumu.

Nilisimama nalitazama mpaka mhudumu wa mafuta akaniuliza kama niko sawa. Sikukusudia. Nimejiuliza kama ninavyowauliza wagonjwa, polepole, swali moja moja. Sikukusudia. Hakukumbuka yeye, hawakukumbuka wale wawili, mimi nilikumbuka wapi? Lilikuwa limefunikwa. Lakini nilipokuwa nafunga ule mlango, blanketi nililiona. Lilikuwa limevimba. Niliona limevimba, nikafunga.

Simu imeita mara nne. Sijapokea. Kisha ujumbe: TAIRI!!! UKO WAPI. Kisha: Ukaguzi unafungwa saa nne kamili. Kisha neno moja peke yake: Tafadhali.

Miaka kumi na moja ya ndoa. Neno hilo halijawahi kunijia kutoka kwake.

Kutoka hapa kurudi uwanjani ni dakika arobaini. Nikigeuza kabla ya saa tatu na ishirini, anawahi. Halafu mimi chuoni saa tano na nusu, nimejaa vumbi, naeleza habari za tairi. Nikiendelea mbele, dakika hamsini tu, nafika mapema, nanawa uso.

Nikamwandikia: mwombe mwenye pikapu, pikipiki zenu ni sawa, gurudumu la akiba analo. Analo kweli, nimewahi kulibeba mwenyewe. Jibu limekuja haraka kuliko yote: Siwezi kumwomba yule. Unanijua.

Ndiyo. Nakujua.

Usaili wangu nikauombe usogezwe, sawa. Yeye kumwomba mtu aliyesimama hatua ishirini kutoka alipo, haiwezekani.

Naona mikono yake jana pale ukingoni mwa kitanda. Naiona. Sijawa jiwe.

Saa tatu na kumi na saba.

Mhudumu amegonga kioo. Anasema mama, umeziba njia, kuna lori nyuma yako, unaelekea wapi? Nimemwambia anivumilie kidogo, namalizia kuandika.

Simu tena. Naiacha iite.

Lori limepiga honi mara mbili. Dereva wake ameteremka, anakuja, mikono kiunoni. Wala sina cha kuandika zaidi, nimeshayasema yote. Saa tatu na ishirini na moja.

Ishirini na mbili.