Siku Mbili Kutoka London, na Kivinje Hukufika

Kilwa Kivinje, 1956

Kwako mume wangu Saidi, mjukuu niliyekulea kwa mikono yangu,

Huna haya. Miaka mitatu umekaa Ulaya nikakuvumilia, kisha uje mpaka Dar es Salaam, ukae wiki mbili, urudi London bila kuniona! Maneno haya ni yangu. Anayeandika ni jirani yetu Bi Zuhura, na nimemwapisha asipunguze hata moja.

Barua uliyotanguliza nilisomewa mpaka nikaijua kwa moyo. "Bibi, London na Dar es Salaam ni karibu maili elfu tano, na ndege inazimaliza kwa siku mbili, pamoja na kutua Nairobi." Basi nami nikapiga hesabu yangu. Mtu anayeruka maili elfu tano kwa siku mbili, hizi mia mbili za kuja Kilwa zitamshinda? Atashuka asubuhi, adhuhuri yuko hapa. Nikapika wali wa nazi na pweza, nikajifukiza udi, nikaketi mlangoni kama bibi harusi. Alasiri ikapita. Bi Zuhura akachungulia, akacheka.

"Mke wa Saidi, mumeo kashikwa na bi mdogo!"

Nilicheka naye. Lakini yule pweza sikumla.

Najua Rufiji ilifurika, malori yakakwama ng'ambo. Najua. Mbona meli ilikuja? Ilileta kifurushi chako, shali na picha. Kwenye picha uko uwanja wa ndege na mke mwenzangu wa huko Dar es Salaam, bibi yako mzaa mama, kakushika mkono utadhani kakununua. Naye kavaa shali. Lake zuri, lina maua. Langu la kijivu. Nani alichagua kwanza? Usinijibu.

Alikubeba lini yule? Mimi nilikwenda nawe Kinjumbi kwa miguu, kwenye msiba wa dada yangu. Ulipochoka nikakufunga mgongoni, nawe mtoto mzima, miguu inaning'inia. "Mke wangu, tumekaribia?" Kila ulipouliza nikakudanganya kuwa ndiyo. Siku mbili zilezile za ndege yako, na mimi sikutua Nairobi.

Ukiwa London najua uko mbali, nalala usingizi. Ulipokuwa Dar es Salaam sikulala. Kila ukicheka kule nilikuwa nasikia, wallahi, na hukuwa unacheka na mimi.

Nenda salama, soma, kula ushibe, Mungu akuhifadhi. Ila ukija tena, mabegi usiyafungue Dar es Salaam, hata mwenzangu akilia. Panda meli nayo yamefungwa. Yafungulie hapa, juu ya kitanda changu, na kama ndani mna nguo chafu tupu, fungua hivyohivyo. Nitazifua mimi.

Mkeo wa kwanza,
Bibi