Usaili wa Binti Refa

Jumanne, 8 Januari

Jina la mwombaji wa chuo nitakayemsaili limekuja. Moja tu mwaka huu. Signe Rautio, miaka kumi na saba, wa hapahapa Butte.

Lenore, mratibu wetu wa wahitimu kule Boston, kanipigia mwenyewe. Kazungukazunguka weee, mwisho katoa la moyoni: wapo chuoni wanaoona watoto wa Montana wangesailiwa tu kwa video, na mtu wa kulekule, mimi nipumzike. Nikamwambia sijachoka.

Nimewasaili watoto wa mji huu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Chuo cha Ellsmoor hakijamchukua hata mmoja. Basi! Wamekwenda kwingine na wamekuwa watu. Lakini mtoto wa huku akisailiwa, asailiwe na mtu anayejua jinsi upepo wetu unavyouma. Mimi binti wa mchimba shaba. Nilikwenda Ellsmoor na koti la kuazima, nikarudi daktari wa meno. Silifichi hilo. Natembea nalo kifua mbele.

Jumamosi, 12 Januari

Hoki ya barafuni. Timu ya mjukuu wangu Emmett imetolewa nusu fainali. Dakika za mwisho refa kampeleka Emmett kwenye kizimba cha adhabu, wakabaki pungufu, wakafungwa. Mimi nilikuwa kwenye foleni ya kakao, sikuona kosa lenyewe. Refa ni binti — uso umefichwa na kofia ngumu, sikumtambua.

Tobin, baba yake Emmett, mwanangu wa pekee, kamtukana yule binti mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Nikamwambia akae. Hakukaa. Watu wazima wakaangalia viatu vyao.

Jumatano, 16 Januari

Nina mengi. Mkono utauma.

Usaili ulikuwa saa kumi, mkahawani kwa wale Wapolandi, meza ya dirishani. Wengine huja na suti za baba zao. Signe kaja na sweta, nywele mbichi, alama ya kamba ya kofia chini ya kidevu. Katoka uwanja wa barafu, kasema, Jumatano huwafundisha wadogo kuteleza. Baba yake ndiye Rautio mwenye gari la kuvuta magari yaliyokwama. Yeye mwenyewe huchezesha mechi za watoto — ni refa.

Refa! Nikaanza kuhisi kitu.

Nikamwuliza kwa nini Ellsmoor. Hakuniimbia sifa za majengo. Kaniambia kuhusu maji mekundu ya shimo la mgodi, lile tunaloliona kila siku mpaka hatulioni tena. Anataka kujifunza kuyasafisha. Kapata habari kwamba Ellsmoor wana mwalimu anayefanya kazi hiyohiyo. Kamwandikia maswali mara mbili. Mara ya pili mwalimu akajibu.

Hapo ndipo mlango ulipofunguliwa. Tobin. Kafuata pasti zake, zile sambusa kubwa za nyama na viazi, za chakula cha jioni. Kaniona, kamwona niliye naye, kaja moja kwa moja na theluji yake viatuni.

"Mama, unamnywesha kahawa huyu? Huyu ndiye aliyewaliza watoto wa timu nzima."

Nikafumbua kinywa. Signe kanitangulia. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Bwana Pascoe, Emmett alimpiga mwenzake gongo la shingo, kwa nyuma. Ningemtoa hata angekuwa mdogo wangu."

Tobin kamwambia hajui mchezo. Kamwambia kuna wanaume wangeifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

"Malalamiko hupelekwa kwa katibu wa ligi," kasema Signe. "Nikikosea, ataniambia, nami nitakubali. Lakini sasa hivi nina usaili."

Kisha kanigeukia mimi. Kaomba radhi kwa kukatizwa. Kaniuliza kama amalizie lile la maji.

Tobin kaondoka. Pasti kaziacha kaunta.

Nikamwuliza binti kama alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni bibi yake Emmett. Alijua. Kina Pascoe si wengi mjini. Kwa nini hakusema? Kafikiri, kikombe mikononi. Kasema angelitaja, ingekuwa kama anajitetea kabla hajashtakiwa. Na kama mimi ni mtu wa kumhukumu kwa jambo hilo, heri ajue mapema.

Nimewasaili wengi. Sijawahi kusailiwa mimi na ninayemsaili, hadi leo.

Nikatembea hadi nyumbani kichwa juu kama bibi harusi. Mji wetu bado unazaa watu.

Alhamisi, 17 Januari

Asubuhi nikampigia Lenore, nikamweleza yote: refa ni nani, mjukuu ni nani, aliyefoka ni mwanangu. Haki ni haki — kama ni kujitoa, nijitoe. Akasema akimpa mtu mwingine, mtoto atasailiwa kwa video na mgeni, na alichokifanya mkahawani hakuna atakayekiona. Niandike mimi. Mwanzoni niseme wazi undugu uko wapi, kisha nisimulie nilichokiona.

Nimeandika. Bila chumvi. Haikuhitaji.

Mchana Tobin kaja kliniki. Kasimama karibu na kiti cha wagonjwa, kofia kichwani.

"Umeandika, Mama?"

"Nimeandika."

"Na mimi nimo?"

"Umo. Jina lako halimo, ila nimesema wewe ni wangu."

Kasema damu ni nzito kuliko maji. Nikamjibu ndiyo maana inaniuma. Kaondoka bila kuaga. Miaka arobaini nimemlea na kumpenda yule, na leo nikabaki nayaangalia maburungutu ya pamba kana kwamba yana la kunishauri.

Sifuti neno.

Ijumaa, 18 Januari

Joleen, mkwe wangu, kapiga simu kwa sauti ya chini. Jana mezani Emmett kasema mwenyewe: alimpiga yule mtoto makusudi, kwa hasira. Hakuna aliyemwuliza. Tobin kaweka uma chini, katoka kwenda kuzoa theluji uani. Theluji yenyewe alikuwa ameshaiondoa.

Jumamosi, 19 Januari

Naandika ndani ya gari, nje ya uwanja. Kidole cha shahada kimeganda, herufi zitanisamehe.

Mechi ya mshindi wa tatu. Refa: Signe. Tobin kaja kuketi kando yangu, kanipa nusu ya blanketi. Kipindi cha pili Signe kamtoa mtoto wa timu pinzani. Baba mmoja nyuma yetu kaanza: arudi jikoni, na mengine ya namna hiyo. Nikaona shingo ya mwanangu inakuwa nyekundu. Kageuka, kamwangalia yule baba muda mrefu. Kamwambia hivi tu: "Kaa. Ana miaka kumi na saba."

Yule kakaa.

Tumeshinda. Emmett kampa refa mkono wa kwanza kabisa, kabla ya wenzake. Nimemwona.

Majibu ya Ellsmoor ni mwisho wa Machi. Huenda wakamkataa kama walivyowakataa wengine. Wakimkataa, hasara ni yao, na nitamwambia hivyo uso kwa uso.

Nilimngoja Tobin hapa ili anisindikize kununua pasti. Kumbe hakuja kwangu. Yuko pale mbele, karibu na gari la kuvuta la mzee Rautio. Signe ndiyo kwanza katoka, begi la viatu begani. Kamwona. Kasimama. Hakurudi nyuma hatua.

Siwasikii. Kioo kinaingia ukungu, nakifuta kwa kiganja. Mzee Rautio kashusha dirisha lake, naye anasikiliza.

Tobin anaongea. Anakoma. Anaanza upya. Kofia kaivua, kwa baridi hii —