Yangeyange na Uso wa Mzee Masanja

Mwamanyili, kando ya ziwa

Mama Neema, mke wangu,

Hamjambo huko Songea? Kikohozi cha Neema kimekwisha? Na Mama, mguu unamruhusu kufika kanisani? Mimi mwili mzima, lakini moyo haujatulia, na nisipokueleza wewe sina mwingine wa kumweleza.

Barua iliyopita nilikuandikia kwa majivuno kwamba umrudishie mwenye nyumba chumba chetu cha studio, yule muuza mitumba akichukue, maana mimi sasa ni mpiga picha wa kalenda za watalii. Kama hujakirudisha, subiri kwanza. Na usinicheke. Kazi yenyewe inaning'inia.

Tajiri aliyenileta huku ana kampuni mpya ya utalii. Siku hizi kila mwenye magari mawili ana kampuni. Anataka yangeyange, wale ndege weupe wanaofuata ng'ombe, wapigwe picha wakiwa mgongoni mwa ng'ombe na ziwa nyuma yao. Nikajisemea hiyo ni kazi ndogo. Nikapiga, mikanda ya picha ikaenda Nairobi kusafishwa, ikarudi, tajiri akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Mimi nimeagiza ndege," akasema. "Haya ni matonge ya ugali."

Kweli bwana. Hakuna manyoya, hakuna jicho, weupe mtupu. Kosa nililitoa studio, mke wangu. Unajua ninavyofanya mteja akikaa kwenye kiti: nafungua lenzi zaidi ya kamera inavyotaka, maana ukiisikiliza kamera watu wetu wanatoka weusi tii, yanabaki meno. Mkono umezoea hivyo miaka yote. Nimekuja nao huku, nikamfungulia lenzi ndege mweupe kwenye jua, nikamuunguza.

Tajiri akanipa mkanda mmoja wa mwisho. Ukiharibika, nitafute basi la kurudi. Na mwanga wa huku haunihurumii. Jioni jua linazama upande wa ziwa, kila ndege anageuka kivuli. Mchana maji yanamulika mpaka macho yanatoa machozi. Asubuhi ndiyo jua linakuwa mgongoni mwangu, lakini ng'ombe hawaletwi majini mapema, na bila ng'ombe yangeyange hawaji.

Nikamfuata jirani yangu Mzee Masanja, mfugaji, zizini kwake. Nikamwamkia kwa Kisukuma changu cha kuokoteza.

"Mwangaluka, baba."

"Mwangaluka. Wewe ndiye unapiga ndege picha? Ndege atainunua?" Akacheka peke yake, kisha akasema, "Kesho nitawaleta mapema. Ila na mimi unipige, na ng'ombe wangu. Binti yangu kaolewa Geita, siku nyingi hajaniona. Nataka aione sura yangu."

Akaja na koti lake la sikukuu, joto lote lile. Akamshika dume wake pembe asitikisike, yangeyange wakatua kwenye nundu. Nikauzuia mkono, nikafunga lenzi kuliko nilivyowahi kufunga maishani. Nilimwambia Mzee kwamba picha hizo hizo ndizo zake pia, yumo ndani. Ukweli ni kwamba niliogopa kumkatia hata picha moja ya peke yake kwenye mkanda ule. Mkanda umekwenda Nairobi, nami nangoja. Nikisikia gari barabarani naweka kijiko chini.

Jana kalamu niliiweka hapo. Leo gari limekuja. Mama Neema, ndege wametoka! Manyoya unayaona, jicho unaliona, hata umanjano wa mdomo. Tajiri amenishika mkono, kazi nimepata, na mkanda mpya ameniachia.

Nilipaswa kuruka kwa furaha. Lakini katika picha zote Mzee Masanja ana koti, ana fimbo, uso hana. Pale penye uso ni giza tupu. Alipita hapa akauliza, "Mwanangu, nimetoka?" Nikajibu, "Umetoka, baba." Akaondoka anatabasamu, na mimi nikakaa chini kwa aibu.

Kesho nitakwenda zizini kumwambia ukweli. Picha ya kwanza ya mkanda mpya ni yake, lenzi wazi kabisa, na yangeyange wakitaka kuungua waungue.

Msalimie Mama, na dada yako Skola anayekusaidia na Neema, na shemeji yangu fundi cherehani. Mwambie shati alilonishonea linanipendeza hata huku.

Na chumba cha studio usikirudishe. Kazi ninayo, nitakuwa natuma kodi. Nataka pabaki mahali ambapo mkono wangu haukosei.

Wako,
Baba Neema