Vidonge vya Miguu ya Baba

New Site, Juba
Jumatano

Kaka yangu mpendwa Wafula,

Pokea salamu nyingi kutoka kwa dadako. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo. Mimi mwili ni mzima, ila silali tangu uliponieleza kwamba Jumamosi wazee wanakaa kumrudisha Mama Mdogo Immaculate kwao. Ningepiga simu, lakini yako inasikilizwa na ukoo mzima, na ukikasirika unakata. Ndiyo maana barua hii anakuletea Morris, yule dereva wa lori. Anaondoka kituo cha malori cha Nesitu leo, na Ijumaa atapita hapo Kimilili.

Ulisema sukari ya Baba imefika ishirini na mbili, anamaliza maji mtungini na kukojoa kila saa, na kwamba Mama Mdogo ndiye anayemtilia sukari kwenye uji ili afe, arithi shamba. Ukasema ameapa na kulia, hakuna aliyemsikiliza.

Juzi Nyibol, anayetunza stoo hapa hotelini, alirudi kazini kutoka hospitali. Naye ana ugonjwa wa sukari. Alinieleza kuwa sukari yake ilipanda bila yeye kula kitu kibaya, mpaka daktari akagundua ni dawa ya kupunguza maji mwilini aliyopewa kwa ajili ya presha. Akanionyesha pakiti yake. Wafula, nilisoma jina lake mara mbili. Niliijua ile pakiti.

Nilikimbia hadi mtaa wa Malakia kwa Lemi, mwenye duka la dawa. Akasema malesh, pole sana, kweli dawa hiyo inaweza kupandisha sukari, hasa ikimezwa nyingi. Akaniuliza mbona siku niliponunua kwake sikumwambia mgonjwa wangu ana sukari.

Sasa nisikilize, kaka. Krismasi Baba alinionyesha miguu ilivyovimba, akanisihi nisiwaambie. Ni mimi niliyenunua vidonge, nikawa namtumia kwa mkono wa Morris, nimevificha ndani ya soksi. Kwanza nilimwambia ameze kimoja kwa siku. Nilipoona uvimbe hauishi, nikamwambia viwili. Mama Mdogo hajui lolote. Na ni mimi niliyekupigia Machi nikakwambia uchunguze bakuli lake la sukari, bila ushahidi wowote. Nilimchukia tu, kwa kuketi kwenye kiti cha marehemu mama.

Ukimaliza kusoma, mpeleke Baba hospitali saa hiyo hiyo. Vidonge viko ndani ya gambuti zake, chini ya kitanda; vibebe. Daktari ndiye aamue aviache au apunguziwe, msiamue wenyewe. Nakuomba, fanya haraka, nisije nikazika baba niliyemuua kwa mkono wangu.

Halafu Jumamosi isome barua hii mbele ya wazee, yote, na jina langu usiliruke. Wakitaka wa kufukuza, nipo.

Wasalimie watoto na majirani. Na mwambie Mama namsalimu. Miaka sita sijawahi kumwita hivyo.

Ni mimi dadako,
Bilha