Antivirus ya Bure, Antivirus ya Kulipia, na Nililomwambia Achieng

Jumamosi, Februari 2008. Mtaa wa Kongo, Kawangware.

Jua limewaka tangu asubuhi kana kwamba lina kesi na mabati yetu. Vumbi limeingia mpaka ndani ya kibodi. Nimefagia chumba mara tatu, nimeosha vikombe vilivyokuwa safi, nimefungua dirisha, nimelifunga, nimelifungua tena. Dada yangu Mbithe ameniangalia tu, akachukua kikapu akaenda sokoni. Ananijua. Nikianza kufagia mahali palipofagiwa, kuna jambo.

Jambo lenyewe lilianza na antivirus.

Wachache mnaosoma blogu hii mliniuliza: kwa kompyuta ya nyumbani, mtu aweke antivirus ya bure au anunue ya kulipia? Nilipanga kujibu kwa ukurasa mmoja, nijifanye mtaalamu. Kila nikianza, naona uso wa Achieng. Basi leo naandika yote, na mwenye kutaka jibu atalipata humu humu katikati ya aibu zangu.

Mwaka jana nilikuwa bado naishi Kianda, Kibera, kwenye ploti ya vyumba kumi. Mimi nilikuwa chumba cha nne, Achieng cha tano. Achieng ni mwalimu wa nasari huko Lindi, humo humo Kibera. Mimi huchapa mitihani ya shule ndogo ndogo kwa kompyuta ya mitumba ambayo sehemu zake hazifanani rangi. Achieng pia aliitumia. Anasomea cheti cha ualimu wakati wa likizo, na ripoti yake ya chuo aliianzia mezani kwangu, mimi nikipika chapati nyuma yake na kumsahihishia Kiswahili bila kuombwa.

Novemba nikanunua antivirus. Ya kulipia, si ya bure! Niliinunua mjini kwa mtu aliyetandaza CD zake kando ya barabara, kila moja ndani ya karatasi ya nailoni, jina limeandikwa kwa kalamu. Ndani yake kulikuwa na kijiprogramu cha kutengeneza namba ya leseni. Unakibonyeza, kinaimba wimbo, kisha namba inatokea. Nilijiona mtu wa maana sana. Achieng aliniuliza kwa nini nisiweke ya bure kama wao shuleni, nami nikamjibu kwamba vya bure ni vya watu wasiojali mali yao. Ndivyo nilivyo. Nikipata kitu, lazima mtu ajue.

Halafu ukaja uchaguzi, na fujo zake.

Sitasimulia yale ambayo kila mtu aliyaona. Yangu ni haya. Siku za kwanza, pale kwetu Kianda, sisi Wakamba hatukuguswa sana. Mapema Januari mwanasiasa wa kwetu akakubali cheo katika serikali ambayo mtaa ule uliikataa, na kesho yake bombani wanawake niliochota nao maji miaka mitatu wakaninyamazia. Mmoja wao akasema, akiangalia pembeni, "Kumbe hata wasaliti wanaskia kiu." Nilijaza mtungi nusu nikaondoka. Siku hiyo hiyo nilifunga kufuli, nikaja hapa kwa Mbithe na begi moja la nguo.

Achieng ndiye aliyeiokoa kompyuta. Alikuwa na ufunguo wangu wa akiba. Alibeba skrini kichwani, ameifunika kwa leso, akarudi kuchukua zile sehemu nyingine, akazisukuma zote chini ya kitanda chake. Siku mbili baadaye chumba changu kikavunjwa. Wanaume waliovunja wakaingia mpaka kwake, wakauliza mashine ya yule Mkamba iko wapi. Aliwaambia kwamba anayo mashine moja tu na ni yake. Aliwaambia kwa lugha ya kwao, ambayo ni yake pia, kwa ile sauti anayofokea nayo watoto wa nasari, wakatoka. Kompyuta yangu ilikaa chini ya kitanda cha mwanamke huyo siku tisa. Kisha akatafuta mtu wa mkokoteni, wakaizungusha na barabara kubwa mpaka Kawangware, yeye akitembea kando ameshika skrini isitikisike.

Nayaandika haya ili ijulikane kwamba nilikuwa nayajua. Sikuwa nimesahau hata moja.

Tulipoiwasha hapa kwa Mbithe, kompyuta ilikuwa mgonjwa. Ilijikokota. Nikifungua folda inafunguka mara mbili, na mitihani ya darasa la sita niliyoichapa kwa mikono yangu haionekani. Ile antivirus ya kulipia ilikaa tu kwenye kona yake ya chini, kimya, na alama yake ya kijani. Mwenye saiba, duka la intaneti la hapa karibu, akanipa ya bure, nikaiweka juu ya ile nyingine. Hiyo nayo ilianza kupiga kelele tangu dakika ya kwanza. Dirisha jekundu, dirisha jekundu.

Shemeji yangu Musyoki, mume wa Mbithe, ni askari wa kulinda majengo, na ana heshima kubwa kwa watu wanaolipwa kulinda. Alisimama nyuma yangu akacheka. "Shem, mtu akikupea soja wa bure akulindie nyumba, kweli utalala?"

Nilimwamini yeye. Niliiamini pia ile ya kulipia, kwa kuwa niliilipia. Kwa hivyo kama kompyuta ilikuwa na virusi, basi kuna mtu aliyeviingiza wakati sipo. Wazo hilo lilianza dogo. Siku tisa. Nani alikuwa akiiwasha siku hizo? Alichomeka flash ngapi? Na kwa nini alijitolea kiasi kile? Niliona haya kuwaza hivyo, na bado niliendelea kuwaza. Siku hizi kila mtu ana wazo la namna hiyo juu ya jirani yake, na langu halikukosa wenzake mtaani.

Alhamisi Achieng akaja.

Alitembea kutoka Kibera mpaka hapa, kwenye mtaa ambao siku hizi mtu akikusikia jina anakuuliza swali la pili: kwenu ni wapi. Ripoti yake inatakiwa chuoni Jumatano. Nusu yake iko kwenye kompyuta yangu, nusu aliichapa shuleni na kuibeba kwa flash. Kabla hata ya kuketi alisema, "Mwende, hii flash iko na virus. Ilimwaga kwa computer ya shule, head akaniwakia mbele ya walimu wote. Nisafishie kwanza, isiharibu yako."

Nikaichomeka. Ya bure ikapiga kelele, dirisha jekundu juu ya jingine. Nami, badala ya kushika kipanya, nikafungua mdomo.

Nilisema, "Nyinyi watu mnaharibu kila kitu mnachogusa."

Nyinyi watu.

Musyoki alikuwa akinywa chai. Aliweka kikombe chini. Achieng akasema, "Sawa, Mwende." Akachomoa flash yake mwenyewe, akaifunga kwenye pembe ya leso, akatoka. Hakunywa chai. Hakuchukua ripoti. Nilisikia hatua zake mpaka mwisho wa ploti, na sikuinuka.

"Shem," Musyoki akasema, "hiyo umeongea si ya computer."

Nilimjibu vibaya pia.

Jana nikaenda mjini. Nitasema ukweli kwa nini nilienda: si kutafuta dawa, nilienda kutafuta haki. Nilitaka kununua antivirus halisi, ya ndani ya boksi, dukani, niiweke, ithibitishe kwamba nilisema kweli. Dukani nilimkuta mama mmoja wa makamo mwenye miwani, anakula njugu huku akifunga kompyuta ya mtu skrubu.

Aliniuliza ninayo gani sasa. Nikamwambia ninazo mbili. "Mbili?" akasema. "Si ndio maana inajikokota! Zinapigania mlango mmoja." Kisha akauliza, "Na hiyo ya kulipia, ulilipa nani?"

Nikamweleza. Karatasi ya nailoni, kalamu, kijiprogramu chenye wimbo. Alivua miwani.

"Mum, hiyo namba ilifungwa kitambo. Hiyo antivirus haijawahi pata update tangu uiweke. Inakaa tu hapo ikikuonyesha green. Na hako kenye kanaimba, hako ndiko huwa kanabeba virus."

Angeweza kuniuzia boksi na nikaondoka nimeridhika. Badala yake aliniuliza kama nyumbani nina intaneti. Sina. "Basi hata hii ya boksi itakaa njaa," akasema. "Iwe ya bure iwe ya pesa, chakula yake ni update. Ya bure ni ya nyumbani, siku ukifungua ofisi kuja tuongee ingine." Akaniwekea update za jana kwenye CD, akanionya niondoe ile ya kimya kwanza, kisha niiache ya bure ikague kila kitu hata kama itachukua siku nzima.

Leo asubuhi nimefanya alivyosema. Ilikagua kwa muda wa saa mbili na nusu. Hapo ndipo nilipofagia mara ya kwanza.

Orodha ilipotokea ilikuwa ndefu. Kompyuta huandika tarehe kwa kila faili, kwa hivyo nilizipanga kwa tarehe na kuanza na ile ya zamani kuliko zote. Ilikuwa kile kijiprogramu kinachoimba. Novemba, siku ile ile niliyokiweka kwa mikono yangu. Achieng alinunua flash yake Desemba. Najua kwa sababu nilikwenda naye, na mimi ndiye niliyemchagulia rangi.

Kuanzia hapo, kila siku niliyowasha kompyuta kirusi kilizaa. Folda yoyote niliyofungua, kiliacha mtoto ndani yake, na tarehe yake. Nilishuka na orodha hiyo kwa kidole kwenye skrini. Novemba yote, Desemba, siku za mwanzo za Januari. Nilikuwa nazitafuta zile siku tisa. Bado nilikuwa nazitafuta, naliandika hilo nione haya yake.

Hakukuwa na kitu. Orodha inaruka kutoka siku niliyotoka Kianda mpaka siku tuliyoiwasha hapa kwa Mbithe. Hakuna faili hata moja katikati. Achieng hakuiwasha kabisa. Ripoti yake ilikuwa ndani, chuo kinamngoja, stima ilikuwepo, na mashine ilikuwa chini ya kitanda anacholalia. Wale watu aliwaambia ni yake, kisha akaitunza kama ya mwenyewe.

Kwa hivyo kompyuta yangu ndiyo iliyoiambukiza flash yake alipoichomeka kwangu Desemba, na flash yake ikavipeleka virusi shuleni. Amefokewa mbele ya walimu wenzake kwa sababu ya wimbo niliojivunia mimi. Akaja kwangu kwa miguu kunilinda na kitu nilichompa mwenyewe. Nilipomaliza kuelewa hilo, niliinuka nikafagia mara ya pili.

Mliouliza, jibu ni hili. Kama hamna pesa ya kununua ile halisi, wekeni ya bure, moja tu, na kila wiki mpitie saiba kuchukua update. Kama mnanunua, nunueni dukani, na muwe na intaneti ya kuilisha. Ile ya kalamu kando ya barabara msiiguse. Na yoyote mtakayoweka, ikipiga kelele someni imeandika nini kabla ya kumgeukia mtu.

Simu yake jana ilikuwa imezimwa mchana kutwa. Leo nikifagia mara ya tatu, Mbithe alirudi kutoka sokoni akasema, "Utafagia mpaka ufike Uthiru?" Nikaketi, nikamwandikia ujumbe. Niliufuta mara nne. Uliokwenda ni huu: "Virusi vilitoka kwangu, tangu Novemba. Nimeona kwa macho. Nilichokuambia ni kibaya kuliko virusi na sina kisingizio. Ripoti yako nimeiweka kwa CD, iko safi. Kesho naileta Kianda."

Nilipobonyeza ndipo hofu ikanishika. Sijakanyaga Kianda tangu nifunge lile kufuli. Musyoki anasema nimtume mtu. Mbithe anasema ningoje mpaka hawa wakubwa wa siasa wamalize kuongea juu ya amani huko hotelini wanakoongea. Jumatano haingoji. Na yeye alikuja hapa bila kumtuma mtu.

Nilikuwa nimefika hapa kuandika simu ilipolia. Ujumbe wake ni huu, wote: "Usiingie Kianda pekee yako. Nitakungoja stage ya Olympic saa nne tuingie pamoja. Na usinipigie, bado nimekasirika."

Nimeusoma nimesimama. Machozi yananitoka mbele ya shemeji yangu, ambaye amejifanya anatafuta kiberiti. Sijui kama atanisamehe. Sijui kama mimi ningesamehe.

Amesema saa nne. Mimi nitakuwa pale saa tatu. Safari hii yeye asiningoje.