Jiwe la Kona ya Oswaldi

Izia, Sumbawanga
9 Juni 1996

Mpendwa kaka Oswaldi,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Mpanda, wewe, shemeji Tereza na watoto, na kwamba kile kifua cha shemeji kimetulia sasa mvua zimekwisha. Sisi huku hatujambo, isipokuwa baridi imewahi kuja mwaka huu na Mama hatoki tena jikoni mpaka jua liwe juu. Anakula vizuri, anagombana na kuku wa jirani, na kila Jumapili baada ya misa ananiuliza kama nimepata barua yako. Namjibu kuwa posta ya siku hizi inachelewa. Ukweli ni kwamba mimi ndiye sijakuandikia, mwaka wa pili huu, na sababu yake nitaieleza humu. Nakuomba uisome barua yote, usiiache katikati, maana inahusu jina lako na kazi yako uliyoiacha.

Bado naendesha ileile Landrova, Sumbawanga na Kasanga, nikipeleka abiria na kurudi na migebuka na dagaa. Imezeeka kuliko mimi lakini inapanda. Njia zimejaa magari siku hizi, kaka. Tangu ruksa ya biashara itolewe, kila aliyeuza magunia mawili ya mahindi Zambia anarudi na gari la mtumba lenye maandishi ya Kijapani mlangoni. Hilo silipingi, gari ni gari. Ninachotaka kukusimulia ni kituko kingine.

Hapa mjini kuna watu wameanzisha chama. Si chama cha siasa, ingawa hivyo navyo ni vingi sasa. Ni chama cha wenye magari ya fowili, yale yanayovuta kwa magurudumu yote manne, na kazi ya chama ni kutafuta barabara mbovu. Usidhani nimekosea kuandika. Wewe na mimi tumekula vumbi na matope ya Ufipa miaka yote tukimwomba Mungu na Serikali watuletee greda, na hawa wanaamka Jumamosi, wanajaza mafuta kwa fedha zao, halafu wanauliza wapi kuna makorongo. Mwenyekiti wao ni Obed, yule wa duka la mabati na misumari, ambaye zamani alikuwa akipanda gari lako mbele mpaka Matai na kukuomba upunguze mwendo. Sasa amevaa glavu za ngozi za kushikia usukani. Gari lake lina winchi mbele ya kujivutia kwenye matope, taa nne juu ya paa, na matope ambayo mke wake amekatazwa kuyaosha ili watu wayaone stendi.

Na wana karatasi. Imepigwa chapa, imetiwa plastiki, kila gari linayo. Juu imeandikwa Adabu za Njia. Inasema anayepanda apishwe na anayeshuka. Inasema usimpite aliyekwama. Inasema usitoke nje ya njia, mpungie mkono unayekutana naye, msubiri wa nyuma kwenye njia panda, na usiache kitu barabarani. Niliisoma mara mbili nikitafuta jambo ambalo utingo yeyote wa Kasanga halijui kabla hajaota ndevu. Sikuliona. Nilicheka mpaka Obed akakunja uso. Mtu anayehitaji plastiki ili akumbuke kumsaidia mwenzake, huyo nyumbani kwake anakumbushwa na nani kuwapa watoto chakula?

Basi mwishoni mwa mwezi uliopita Obed alikuja hapa Izia kuniomba niwaongoze kushuka Kasanga, kwa kuwa yeye mteremko ule anaujua kwa kusimuliwa tu. Nilikubali. Nakiri nilikubali ili niwaone wakiaibika. Tulikuwa magari sita, mimi mbele.

Hatukufika mbali, aibu ikaja. Baada ya Matai kuna kile kijito ambacho hakikauki mpaka Julai. Katikati ya maji tulimkuta Limbu, Msukuma mmoja ambaye ukoo wake umehamia upande ule na ng'ombe wao, mkokoteni wake umezama magunia yakiwa juu, yeye na mkewe wamo majini hadi magotini wakisukuma. Mimi nilivuka nikasimama kwenye ukavu nitafute kamba. Nilipogeuka niliwaona wale mabwana wa adabu wanatoka njiani, mmoja baada ya mwingine, wanazunguka kupitia shamba la ulezi uliokuwa unangoja kuvunwa. Na kila mmoja alipompita Limbu alipunga mkono na kupiga honi, kama karatasi inavyosema. Nilimwuliza Obed kwa nini hawakusimama. Alinijibu kwa utulivu kabisa kwamba kanuni inahusu magari, nao mkokoteni si gari. Wa mwisho tu, mama mmoja anaitwa Rhoda, muuza vitenge sokoni mwenye Suzuki kuukuu, alisimama nyuma ya mkokoteni na kuvua viatu.

Niliuvuta mkokoteni kwa Landrova yangu. Limbu alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mimi, kaka, nilipanda gari nikijiona mtu safi kuliko wote waliokuwapo, na nilihakikisha wanaona kwamba najiona hivyo.

Sasa nifike kwenye mteremko. Kuna jambo hulijui, na sikuwa na moyo wa kukuambia. Ile kona ya tatu, pale uliposimama na rejeta inachemka siku ya ajali ya Polikarp, madereva wameipa jina. Wanaiita Kona ya Oswaldi. Hata abiria wanaiita hivyo sasa, na wengi wao hawajui Oswaldi ni nani.

Tulipofika juu yake nilisimamisha msafara. Nilitaka kuwaonyesha kwamba sisi adabu yetu haihitaji karatasi. Niliwaeleza kuwa gari likizimika kwenye mpando unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, na ukishaondoka, ukifika penye tambarare, unasimama na kurudi kwa miguu kuliondoa, hata iwe mvua, hata uwe umechelewa, kwa sababu anayeshuka hana nafasi ya kulikwepa. Halafu nikawasimulia habari yako. Jinsi mwaka wa tisini dereva mmoja alivyoacha jiwe pale, jinsi lori la Polikarp lilivyolipanda likapinduka, na Polikarp akakatwa mguu. Jinsi madereva walivyokutana stendi bila polisi wala hakimu, wakaamua kwamba huyo asisimamiwe tena njiani, asiazimwe hata spana, asipungiwe hata mkono. Na jinsi alivyovumilia miezi minane, kisha akauza vyombo vyake akahama. Nilisimulia vizuri, kaka. Nimeisimulia mara nyingi. Obed alitikisa kichwa kwa masikitiko akasema kumbe na sisi wa zamani tulikuwa na utaratibu.

Kasanga walikula samaki, wakapigana picha na magari yao yakiwa yameingizwa majini kidogo, na mchana tukaanza kupanda. Kwenye kona ileile Suzuki ya Rhoda ikazimika. Nilirudi kwa miguu nikaweka jiwe mwenyewe. Akawasha, akakaza mguu, gari likatoka. Nyuma yake wale wengine walikuwa wanapiga honi, nami nikampigia kelele aende, asisimame. Hakunisikia au hakutaka. Alifika kwenye tambarare, akaegesha, akashuka ule mpando wote na viatu vyake vya Jumapili, akaliviringisha jiwe mpaka mtaroni. Msafara mzima ulimngoja. Mwenyekiti wa Adabu za Njia alitoa kichwa dirishani akauliza kama mama yule ana wazimu.

Tulipanda pamoja kwa miguu kurudi kwenye magari. Njiani aliniuliza kama yule Oswaldi alikiri. Nikasema hapana, alisema aliliondoa jiwe lake, ila hawakumwamini. Akauliza mimi nilikuwa namfahamu vipi. Nikamwambia ni kaka yangu, tumbo moja.

Alisimama. Akasema, "Kaka yako, na unamsimulia hivyo?"

Niliingia kwenye gari nikaendesha mpaka Sumbawanga, na tangu siku hiyo sikulala vizuri, mpaka nilipofanya nililofanya.

Kaka, jiwe lile lilikuwa langu.

Wewe uliliondoa la kwako. Nilikuwa nyuma yako kama nusu saa, peke yangu, na migebuka. Nilipofika pale niliona maji ya rejeta yako yamelowesha vumbi, na njia ilikuwa nyeupe, haina jiwe hata dogo. Klachi yangu ikateleza, nikaweka jiwe, nikawasha, nikaondoka. Kwenye tambarare nilipunguza mwendo. Nakumbuka nilipunguza. Nilifikiri juu ya samaki na juu ya gulio la Matai, nikajiambia atakayekuja ataliona. Sikuwa na sababu nyingine. Nimeitafuta miaka sita na haipo.

Walipoanza kukunyooshea kidole kwa sababu wapita njia walikuona pale, nilingoja wewe ujitetee. Nilidhani watakuamini, ulikuwa dereva mwenye heshima kuliko sisi wote. Jioni ile ulinijia nyumbani ukaniuliza, "Basil, wewe ulipanda kabla yangu au baada yangu?" Nikasema kabla. Ulinitazama, ukasema basi sawa, ukaenda. Sijui kama uliniamini. Niliungama kanisani, mara mbili, nikapewa rozari za malipizi, nikazisali, nikaenda nyumbani nikala. Huko kanisani nilisema nimesema uongo. Sikusema juu ya nani. Hata Mungu nilimpa nusu ya habari.

Nimekuandikia kurasa hizi zote nikimcheka Obed na plastiki yake. Unaona mwenyewe nani alikuwa wa kuchekwa.

Jumatatu iliyofuata nilisimama stendi asubuhi, madereva wakiwa wanakunywa chai, nikawaambia wote. Nilitaja saa, nilitaja samaki, nilitaja ulivyoniuliza na nilivyokujibu. Hakuna aliyenipiga. Mzee mmoja alimwaga chai yake chini akaondoka, na wengine wakamfuata. Adhabu waliyokupa wewe wamenipa mimi, na safari hii hawakukosea mtu. Jumatano springi ilikatika karibu na Matai. Yalipita magari manne, ya watu uliowafundisha wewe udereva pamoja na mimi, na hakuna aliyepunguza mwendo. Aliyesimama ni Obed, akitoka kupeleka mabati, na glavu zake. Nilimwambia nilichofanya kabla hajatoa kamba, ili asije akasema nilimficha. Alifikiri, akasema karatasi haichagui aliyekwama. Alinivuta mpaka mjini akinieleza njia nzima jinsi winchi inavyofanya kazi. Bado simpendi, kaka. Glavu zile bado ni za kijinga. Lakini alisimama.

Kabla ya hapo nilikwenda Mwazye kwa Polikarp. Anatengeneza baiskeli nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda na gongo la kutembelea kando. Nilimweleza nikiwa nimepiga magoti, maana sikuona namna nyingine. Aliendelea kukaza spoku mpaka gurudumu likakaa sawa, ndipo akaniambia kwamba ulikwenda kumwona hospitali siku tatu mfululizo, na siku zote tatu aligeuza uso ukutani, na siku ya tatu ulimwachia blanketi lako miguuni ukaondoka bila kusema. Akasema blanketi hilo analo hadi leo na hajawahi kulitumia. Halafu akamwita binti yake aje na kalamu, na mimi akaniambia nikangoje nje.

Alichokuandikia nimekiweka ndani ya bahasha hii. Amekifunga kwa gundi ya kuzibia baiskeli, sikukifungua. Usihangaike kunijibu mimi. Mjibu yeye.

Mama nimemwambia jana. Sasa anakula kwa jirani. Amesema akikuona uso kwa uso ndipo atakaporudi kula chakula changu, na nauli ya basi kutoka Mpanda ameniagiza nikutumie. Nimeiweka pia humu, si kama malipo ya lolote, bali ni kwa ajili yake.

Msalimie sana shemeji Tereza, na umweleze yote, kwa sababu naye alihama nyumba yake. Wasalimie watoto, waambie ni mimi niliyewatoa Sumbawanga, usiwaambie ni ajali. Mungu awalinde nyote.

Ni mimi mdogo wako niliyepanda baada yako,

Basil