Gitaa la Bwana Solo

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kwako, kwa wifi yangu, na kwa binti yenu ambaye mama ameniambia ameota meno mawili ya chini na anamng'ata kila anayembeba. Natumaini nyote mnaamka salama, na kile kikohozi chako cha vumbi la rangi kimetulia. Mimi sijambo. Vidole vinachubuka kwa dawa ya kusafishia, lakini ndiyo kazi yenyewe.

Barua yako niliipata Jumatatu, nikaisoma nikiwa nimesimama mlangoni. Mengine yote nimeyafurahia. Ile aya ya shukrani, pale unaposema dada umehangaika vya kutosha, usijilaumu kwa kulikosa gitaa, nimeshindwa kuimeza. Nimeisoma mara nne. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kukupigia. Kwenye simu ningekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa, kama nilivyozoea.

Nianze na muuzaji. Uliponiambia kiongozi wa bendi amekupa hadi mwisho wa mwezi uende na gitaa lako mwenyewe la umeme, la sivyo nafasi yako anapewa mwingine, niliuliza hoteli nzima. Mpishi wa zamu ya asubuhi ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja aliyestaafu bendi za harusi, wanayemwita Bwana Solo, anayekaa nyuma ya duka la magodoro. Alisema mzee amekufa ganzi vidole na anauza gitaa lake kwa bei ya kutupa.

Kazi yangu unaijua, ni kukagua vyumba kabla mgeni mpya hajakabidhiwa ufunguo. Nimeokota kucha ndani ya kikombe cha chai. Nimebandua bigijii iliyotafunwa kwenye swichi ya taa. Wenzangu wananiita Bibi Afya na sikatai. Lakini chumba cha Bwana Solo kilinishinda. Nilimkuta kitandani, amevaa fulana iliyokuwa nyeupe enzi zake, anakata kucha za miguu kwa wembe, vipande vinarukia sahani ya makombo ya jana. Hakuinuka. Alinipa mkono uleule wa wembe, nami nikaupokea kwa ajili yako, halafu nikauweka wangu nyuma ya gauni mpaka nilipopata bomba la maji.

Gitaa alilivuta kutoka chini ya kitanda, likaja na nywele na vumbi. Zamani lilikuwa jekundu. Sasa lilikuwa na rangi ya ini lililolala nje. Nyuzi zilikuwa kutu tupu. Kati ya vile vijichuma vya shingoni palijaa nongo, mdogo wangu, nongo ya mtu, nyeusi, inang'aa, jasho la harusi za miaka na miaka. Kitufe kimoja cha sauti kilipotea, akachomeka kifuniko cha dawa ya meno. Aliniambia kwa fahari kwamba hajawahi kulifuta hata siku moja, kwa kuwa mafuta ya mkono ndiyo yanayolainisha mbao. Nikamwambia kwa heshima zote kwamba kwetu hata sufuria hatuiachi hivyo. Akacheka, akakohoa, akatema kwenye kopo, kisha akainama kutazama alichotema. Nilitazama ukutani.

Halafu akachomeka waya kwenye kispika chake kilichochanika, akapiga. Vidole vilimkosea mara mbili, na kilikuwa kipande kifupi tu cha kuingilia wimbo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa safi kuliko shuka zetu. Kila uzi ulisikika peke yake. Nikaomba nilishike. Shingo yake nyembamba ilikaa kiganjani bila kulazimishwa, na pamoja na uchafu wote ule sikutaka kulirudisha. Bei aliyotaja ilikuwa ya pasi mbili za hotelini. Nikamwomba asimuuzie mtu, nikasema nitarudi Jumamosi na hela uliyonitumia.

Hadi hapo unayajua yote. Unajua pia nilichokuambia kwenye simu Jumapili ile, kwamba nilifika Jumamosi nikakuta mzee ameshamuuzia mtu mwingine, na kwamba hela yako inarudi. Ukasema hamna shida dada. Mengine nimeyasikia kwa mama. Kwamba nafasi yako amepewa kijana wa mtaa wa pili. Kwamba umerudi kupaka rangi majumba ya watu, na hata binti yako humwimbii tena, anabembelezwa na redio. Mama akamaliza kwa kunishukuru na yeye.

Sasa nasema. Mzee hakumuuzia mtu mwingine. Alinisubiri kama alivyoahidi, na mimi ndiye niliyelinunua.

Naapa nililinunua kwa ajili yako. Nilitaka kulisafisha tu kabla ya kulituma, maana sikuweza kukupelekea nongo za mtu. Nilifungua nyuzi zote, nikakaa na mswaki, spiriti na vijiti vya meno Jumamosi mchana mzima. Kila nilipokwangua, kulitoka kitu cha kijivu kinachojiviringa, na nilitapika mara moja, sikufichi. Nyuma, nilipofungua kifuniko cha sehemu ya waya, kulikuwa na mende aliyekauka na viganda vya mayai yake vimeng'ang'ania waya. Nilivitoa kimoja kimoja kwa kibanio cha nyusi, nikakitupa na kibanio chenyewe. Chini ya uchafu ule kulikuwa na gitaa zuri. Jekundu lilirudi. Vijichuma viling'aa. Kile kifuniko cha dawa ya meno nilikiosha nikakirudisha mahali pake, kwa kuwa kinazunguka vizuri kuliko vitufe vingine.

Jumapili asubuhi nikatia nyuzi mpya ili nilijaribu. Spika sina, na bila spika gitaa la umeme linanong'ona tu. Nikaliegemeza shavu, nikasikia kidogo. Nikataka kusikia zaidi. Mdogo wangu, mimi nisiyenywea glasi ya mtu, nililiuma. Niliweka meno kwenye pembe ya mbao aliyoikumbatia mzee yule na fulana yake, nikapiga, na sauti ikapita kwenye meno ikanijaa kichwa kizima.

Huenda umesahau kwamba mimi ndiye niliyekuonyesha jinsi ya kupanga vidole kwenye lile gitaa la baba. Baba alipoona unaelewa haraka, akakupa wewe, nami nikaenda kutafuta kazi. Hakuna aliyenikataza. Ila hakuna aliyeniuliza. Sisemi haya nipate kusamehewa, kwa sababu wewe ulikuwa mtoto na hukunikosea lolote.

Nilipokupigia kukudanganya, gitaa lilikuwa mapajani mwangu. Uliponiuliza kama angalau nilisikia mlio wake, nilisema hapana. Kisha nikakurudishia hela yako yote nikitoa ya kwangu, nikajiona mwaminifu. Hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko yote, kwamba nililala vizuri. Siku hizi nikifuta vioo vya wageni natazama pembeni. Kwa Bwana Solo unauona uchafu ukiwa mlangoni. Mimi nanuka sabuni.

Nafasi yako hairudi kwa barua, najua. Gitaa ni lako. Mara tatu nimelifunga kwa blanketi nikutumie, na mara ya tatu nilifika hadi dirisha la kupokelea vifurushi. Karani akauliza ndani kuna nini. Nikajibu ni ubao wa kupigia pasi, halafu nikasema nimesahau anwani, nikarudi nalo nyumbani. Kwa hiyo uje mwenyewe. Usimtume mtu. Mtu nitamdanganya, nitasema limeibwa, na nitalia machozi ya kweli.

Msalimie wifi yangu, na umwambie akinichukia ana haki. Mpakate binti kwa niaba yangu. Mama usimwambie lolote, hilo niachie nimweleze kwa kinywa changu.

Kila Jumatano sina zamu. Ukigonga nisipofungua, jua nimo ndani.

Ni mimi,
dada yako